Panya, Kingamwili na Namba: Jinsi Protini za Kinga Zinavyopimwa Maabarani

0. Utangulizi

Jina la Kasapa linajulikana kwa kila mtu aliyepata kusoma katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ni wachache, hata hivyo, wanaojua kwamba silabi ya kwanza ya jina hilo hutamkwa katika maabara za Ulaya, Asia na Marekani kila watafiti wanapozungumza juu ya malaria ya panya. Kimelea kinachotumiwa zaidi kuchunguza malaria ya ubongo kwa wanyama hao huitwa Plasmodium berghei ANKA. Herufi hizo nne ni ufupisho wa majina mawili: Antwerpen, mji wa Ubelgiji wenye Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki, na Kasapa ya Katanga, alikokamatwa mbu aliyekuwa na kimelea hicho katika miaka ya 1960. Spishi yenyewe ilikuwa imekwisha kuelezwa mwaka 1948 na Ignace Vincke na Marcel Lips, walioikuta katika damu ya panya wa vichakani karibu na Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi.

Damu ya panya walioambukizwa kimelea hicho imepimwa mara nyingi sana ili kujua kiasi cha protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Namba zilizopatikana hazikubaki katika madaftari ya maabara. Baadhi yake zilichangia uamuzi wa kuwapa watoto wagonjwa wa Gambia tiba ambayo, kama tutakavyoona, haikuwafaa. Hiyo ndiyo sababu tumeonelea vema kuwaeleza wasomaji wa jarida hili, wanasayansi na wanaisimu kwa pamoja, jinsi namba ya aina hiyo inavyopatikana, inasema nini, na haisemi nini.

1. Suala la istilahi

Kabla ya kuingia maabarani yatupasa kupatana juu ya maneno, kwa kuwa Kiswahili kinatutega mapema. Neno panya hutaja wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha kabisa. Wa kwanza ni Mus musculus, ambaye akiwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi. Wa pili ni Rattus norvegicus, ambaye uzito wake huweza kuzidi huo mara kumi na zaidi. Kifaransa humwita wa kwanza souris na wa pili rat. Neno buku halitufai kwa huyu wa pili, kwa sababu ni jina la mnyama mwingine, yule panya mkubwa wa porini mwenye mifuko mashavuni. Katika makala haya tutasema panya mdogo na panya mkubwa, na penye neno panya peke yake tunamkusudia yule mdogo.

Tofauti hii si ya kujipamba. Kingamwili nyingi zinazotumiwa kupima protini za panya mdogo hutengenezwa ndani ya panya mkubwa. Mtafsiri akiandika tu “kingamwili ya panya dhidi ya protini ya panya”, msomaji atadhani kwamba mnyama ameshambulia protini yake mwenyewe, jambo ambalo mwili wenye afya kwa kawaida hujizuia kulifanya. Maelezo ya kipimo kizima yatakuwa yamepotoka kwa ajili ya kivumishi kimoja kilichoachwa.

Maneno mengine mawili yahitaji kufafanuliwa. Kinga ni ulinzi wote wa mwili dhidi ya maradhi. Kingamwili ni kitu kimoja tu ndani ya ulinzi huo: ni protini yenye umbo la panda, ambayo ncha zake mbili hushika kitu maalumu, nacho kitu hicho huitwa antijeni. Saitokini, ambayo waliosoma kwa Kifaransa huelekea kuiita sitokini, ni protini ndogo inayotolewa na seli ili kuziarifu seli nyingine: zije, ziongezeke, ziwake au zitulie. Miongoni mwa saitokini zilizochunguzwa sana ni TNF, intaferoni gama, na jamii ya intalukini, kama vile intalukini 6 na intalukini 10.

2. Kanuni ya kipimo

Ugumu wa kwanza ni uchache wa kitu kinachotafutwa. Saitokini huhesabiwa kwa pikogramu, nayo pikogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni elfu moja. Mtu akitaka kupata myeyusho wenye pikogramu moja kwa mililita, angelazimika kuikoroga gramu moja ya chumvi katika bwawa lenye kilometa moja kila upande na kina cha meta moja. Tena damu haina saitokini peke yake. Imejaa protini nyingine ambazo wingi wake huzidi wa saitokini mara mamilioni. Mizani haiwezi kazi hiyo, wala kemikali za kawaida haziwezi.

Kingamwili huweza, kwa kuwa huchagua. Mnamo mwisho wa miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani walionyesha kwamba insulini ya damu yaweza kupimwa kwa kutumia kingamwili pamoja na insulini iliyotiwa mnururisho. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann huko Stockholm walitumia kimeng'enya mahali pa mnururisho; Anton Schuurs na Bauke van Weemen wa Uholanzi walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Kipimo hicho hujulikana kwa herufi ELISA. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walipata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu, zisizobadilika toka chupa hadi chupa. Tangu hapo ikawezekana kupima protini ileile kwa kigezo kilekile mwaka hata mwaka.

Kwa saitokini hutumiwa hasa mtindo wa kubana. Kingamwili ya kwanza hugandishwa chini ya kishimo cha plastiki. Hii ndiyo ya kunasa. Kingamwili ya pili, ya kutambulisha, huishika saitokini upande mwingine. Saitokini hubanwa katikati ya hizo mbili, mfano wa kitu kilichoshikwa na koleo. Faida yake ni kwamba lazima kingamwili zote mbili zikubaliane. Protini ngeni iliyoshikwa na moja kwa bahati mbaya haitaonekana ikiwa ya pili haiitambui.

3. Hatua za kazi

Sahani ya kipimo ina vishimo 96, yaani safu 8 zenye vishimo 12 kila moja. Kazi huendelea hivi.

Kwanza, kingamwili ya kunasa hutiwa katika kila kishimo na kuachwa usiku kucha ili ishikamane na plastiki. Pili, nafasi zilizobaki wazi huzibwa kwa protini isiyohusika, kama vile albumini ya ng'ombe, kusudi vitu vingine visishike hapo ovyo. Tatu, hutiwa sampuli. Mara nyingi ni seramu, yaani yale maji ya manjano yanayobaki baada ya damu kuganda na kuondolewa bonge lake. Yaweza pia kuwa majimaji ambamo seli za wengu zilikuzwa, au kiungo kilichosagwa.

Nne, sahani huoshwa mara kadhaa. Tano, hutiwa kingamwili ya kutambulisha, ambayo imefungwa kwa vitamini iitwayo biotini. Sita, baada ya kuosha tena, hutiwa streptavidini, protini ya bakteria yenye kuishika biotini kwa nguvu isiyo ya kawaida; nayo imeunganishwa na peroksidesi, kimeng'enya kitokacho katika mzizi wa mmea mmoja wa jamii ya haradali. Saba, hutiwa kemikali isiyo na rangi ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa buluu. Tone la asidi husimamisha mabadiliko hayo na kuifanya buluu iwe manjano. Mashine hupima ni kiasi gani cha mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 kimezuiliwa na manjano hayo.

Kuosha ndiko kunakodharauliwa kuliko hatua zote, na ndiko kunakoharibu zaidi. Kingamwili iliyobaki bila kushika kitu ikiachwa kishimoni, kimeng'enya chake kitazaa rangi kana kwamba saitokini ilikuwapo.

Hadi hapa mashine imetoa kipimo cha rangi tu. Haijasema lolote juu ya pikogramu. Ndiyo maana katika sahani ileile hutiwa saitokini safi ya kiasi kinachojulikana, iliyozimuliwa nusu kwa nusu: tuseme 1000, 500, 250, 125, na kuendelea hadi chini ya 20. Rangi za vishimo hivyo huchorwa katika grafu. Mstari unaopatikana hulala mwanzoni, hupanda katikati, kisha hulala tena juu. Sampuli isiyojulikana husomwa kwa kuilinganisha na mstari huo. Tuseme rangi ya kishimo inalingana na pikogramu 120 kwa mililita, na seramu ilikuwa imezimuliwa mara nne. Jibu ni 480. Lakini rangi ikiangukia mahali mstari ulipolala, juu au chini, jibu halina thamani, hata kama mashine italiandika kwa tarakimu tatu baada ya nukta.

Ikumbukwe basi kwamba kipimo hiki ni mlinganisho. Kosa katika kuzimua kile kigezo huhamia katika kila jibu la sahani nzima. Ndiyo sababu pia namba za maabara mbili zilizotumia vigezo tofauti hazipaswi kuwekwa katika jedwali moja bila tahadhari.

4. Damu chache, saa chache

Panya wa gramu 25 ana damu ya mililita 2 hivi. Kwa kawaida haifai kumtoa zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mara moja ikiwa anatakiwa kuendelea kuishi bila madhara. Hiyo ni mikrolita 200, na seramu yake ni kama nusu ya kiasi hicho. Kishimo kimoja huhitaji mikrolita 50 hadi 100, na kila sampuli yapaswa kupimwa angalau mara mbili. Kwa hiyo panya mmoja aliye hai hutosha kwa saitokini moja, pengine bila hata kutosha. Mtafiti hulazimika kuzimua seramu, au kumlaza mnyama usingizi asioamka na kuchukua damu yote inayopatikana, na hapo hawezi kumfuatilia tena kesho yake.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 imekuwapo njia ya kutumia punje ndogo mno za plastiki zilizotiwa rangi mbalimbali. Kila rangi hubeba kingamwili ya saitokini yake, na mashine huzisoma punje moja moja. Kwa mikrolita chache hupatikana saitokini nyingi kwa pamoja. Faida ni kubwa, ila kila kingamwili inayoongezwa huongeza uwezekano wa kingamwili moja kugusa kisichokuwa chake.

Wakati nao una hukumu yake. Panya akidungwa sumu ya ukuta wa bakteria, TNF hupanda katika damu na kufikia kilele baada ya saa moja au moja na nusu hivi, kisha huporomoka kwa haraka. Intalukini 6 hufikia kilele baadaye. Mtafiti aliyetoa damu baada ya saa sita aweza kuandika kwa uaminifu kabisa kwamba TNF haikuonekana, ilhali ilikwisha kupita. Seramu iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara nayo hupoteza sehemu ya protini zake. Hivyo hugawanywa katika vichupa vidogo tangu mwanzo na kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

5. Njia ambazo namba hudanganya

Kosa la kwanza ni la spishi. Panya si binadamu mdogo. Intaferoni gama ya binadamu na ile ya panya zimetofautiana kiasi kwamba ya mmoja haifanyi kazi katika seli za mwingine. Intalukini 8, inayopimwa sana kwa binadamu, haina jeni lake kwa panya. Kazi zake hushikwa na protini nyingine. Anayenunua kipimo cha binadamu na kukitumia kwa damu ya panya aweza kupata sifuri isiyo na maana, au rangi isiyo na maana, na hiyo ya pili ni hatari zaidi.

Kosa la pili latokana na kingamwili za panya mwenyewe. Seramu yake imejaa kingamwili za asili. Ikiwa kiungo chochote cha kipimo kimeundwa ili kushika kingamwili za panya mdogo, kitazishika hizo za asili pia, na rangi itatokea hata pasipo saitokini. Hapa ndipo tunapoona kwa nini kingamwili za panya mkubwa, za sungura au za mbuzi hupendelewa, na kwa nini istilahi yetu ya hapo juu ilihitaji kuwa kamili.

Kosa la tatu ni la kufichwa. Baadhi ya saitokini huelea katika damu zikiwa zimeshikwa na vipokezi vyake vilivyobanduka kwenye seli. Upande ambao kingamwili ingeushika umekwisha kufunikwa. Dawa yake ni jaribio jepesi: huongezwa kiasi kinachojulikana katika seramu, tuseme pikogramu 100, na kuangaliwa ni ngapi zinarudi. Zikirudi 60, seramu inaficha. Jaribio jingine ni kuizimua seramu mara mbili, mara nne, mara nane: majibu yakizidishwa yapaswa kukutana. Yasipokutana, namba yoyote miongoni mwayo isiaminiwe.

Kosa la nne si la kipimo, bali la msomaji. Kingamwili hutambua umbo la sehemu ndogo ya protini. Haiulizi kama protini hiyo bado ina uwezo wa kufanya kazi. Kabla ya ELISA kuenea, TNF ilipimwa kwa kuangalia seli ngapi zimeuawa nayo. Njia hiyo ilikuwa ya taabu na ilichanganya mambo, lakini ilipima utendaji. ELISA hupima uwepo. Maneno hayo mawili hayana maana moja.

6. Funzo la TNF

Sasa turudi kwenye kimelea chetu cha Kasapa. Panya wa baadhi ya koo za maabara wakiambukizwa ANKA hupooza, hutetemeka na kufa katika siku ya sita hadi ya kumi hivi, damu yao ikiwa bado haijajaa vimelea. Wa koo nyingine huponea dalili hizo na kufa baadaye kwa upungufu wa damu. Tofauti hiyo ilidokeza kwamba si vimelea peke yao vinavyoua. Kinga ya mwili nayo ina mkono.

Mwaka 1987 Georges Grau na wenzake wa Geneva, Uswisi, walitangaza kwamba TNF ilikuwa juu katika seramu ya panya waliopata malaria ya ubongo. Walipowadunga panya kingamwili ya sungura dhidi ya TNF, wanyama walinusurika na dalili za ubongo, ijapokuwa vimelea havikupungua. Mwaka 1989 na 1990 vipimo vya watoto wa Malawi na Gambia vilionyesha kwamba TNF ilikuwa juu zaidi kwa wale waliokuwa katika hali mbaya. Hoja ilionekana kukamilika: namba ya panya na namba ya mtoto zilielekea upande mmoja.

Jaribio la tiba lilifanywa Gambia kwa watoto 610 wenye malaria ya ubongo, na matokeo yake yalitolewa mwaka 1996. Nusu yao walipewa kingamwili dhidi ya TNF pamoja na dawa ya malaria. Vifo havikupungua. Zaidi ya hayo, kati ya waliopona, waliobaki na madhara ya neva walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopewa kingamwili.

Kisha mwaka 2002 Christian Engwerda na wenzake wa Brisbane, Australia, walichapisha matokeo ya panya walioondolewa jeni. Panya wasio na jeni la TNF walikufa kwa malaria ya ubongo kama wengine. Walionusurika ni wale wasio na limfotoksini alfa, protini iliyo jamaa ya TNF na yenye kutumia vipokezi vilevile. Tena jambo lililohusika zaidi halikuwa kiasi cha TNF kinachozunguka katika damu, bali limfotoksini iliyoongezeka papo hapo ubongoni.

Tusiwalaumu waliotangulia. Hakuna aliyeandika namba ya uongo. TNF ilikuwa juu kweli, kwa panya na kwa watoto. Lakini seramu ilijibu swali lililoulizwa: kiasi gani cha protini inayotambuliwa na kingamwili hizi kimo katika maji haya, saa hii? Haikuulizwa, wala haikuweza kujibu, kama protini hiyo ndiyo muuaji, wala iko wapi inapoua. Kilichopanda pamoja na ugonjwa kilichukuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Moshi hupanda pamoja na moto, lakini kuupunga moshi hakuuzimi moto.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kipimo cha saitokini ni mnyororo wa mlinganisho: protini hunaswa, hutambulishwa, hugeuzwa kuwa rangi, na rangi hugeuzwa kuwa namba kwa msaada wa kigezo. Kila pingu ya mnyororo yaweza kulegea, na kwa kila pingu lipo jaribio la kuikagua. Mwanafunzi anayesoma makala yenye namba za aina hiyo na aulize mambo matano: ni mnyama gani, ni maji gani ya mwili, yalitolewa saa ngapi, yalilinganishwa na kigezo gani, na mwandishi amevuka kutoka uwepo hadi chanzo kwa daraja gani.

Maswali hayo yanaulizika kwa Kiswahili bila taabu, mradi tumeyapa maneno mipaka yake. Anayetaka kufundisha elimu hii kwa lugha yetu ataanza na kazi ndogo ya kumtenga panya mdogo na panya mkubwa, na uwepo na utendaji. Kimelea kilichotoka kwetu kimefundishia elimu ya kinga katika lugha nyingi kwa zaidi ya nusu karne. Ni haki wanafunzi wa Kasapa nao waweze kukisoma katika lugha yao.